Kula Kwanza, Halafu Sindano

Mdomo wa Mama ulipinda siku ya Jumatatu asubuhi, wakati akisukutua. Maji yalimtoka upande wa kulia yakamwagika juu ya kitenge. Akadhani ni haraka tu, akachukua maji mengine, nayo yakamwagika vilevile. Akaniita. Nilipotoka uani nilimkuta ameshika kikombe, uso wake umegawanyika: upande wa kushoto ulikuwa Mama, upande wa kulia ulikuwa mtu mwingine, mtu aliyechoka, ambaye jicho lake halifungi.

"Niangalie," aliniambia. "Kuko nini?"

"Hakuna kintu, Mama."

Nilisema hivyo kabla sijafikiri, mimi ambaye hufikiri kila jambo mpaka linachakaa. Akaingia ndani kutafuta kioo. Nikabaki uani nikisubiri kelele. Hakupiga kelele. Alitoka na kitambaa amejifunga usoni kama mtu mwenye jino bovu, akaanza kufagia.

Nilikuwa nimerudi Kamina miezi michache kabla, na diploma ya ualimu kutoka Lubumbashi, nikingoja barua ya kupangiwa shule. Barua haikuja. Kila treni ya kutoka kusini ilipoingia nilijikuta nimesimama karibu na posta, kisha nikijificha nyuma ya watu ili karani asinione tena. Baba alikuwa amefariki nikiwa bado sekondari. Tuliishi kwa samaki wa Mama, samaki wakavu wa Kinkondja, kwenye maziwa, waliofika kwa treni katika vitunga, naye akiwapeleka base, kambi kubwa ya jeshi, kuwauzia wake za askari. Lori la jeshi lilichukua wauzaji sokoni siku ya Jumanne na siku ya Ijumaa.

Samaki wale waliuzwa kwa mdomo. Wauzaji walikuwa wengi na samaki walikuwa walewale. Wanawake wa base, waliotoka mikoa mingine, wengine Équateur, wengine Bandundu, wengine Kasai, walimfuata Mama kwa sababu aliwatania kila mmoja kwa jinsi yake, na wao wakamtania. Sasa herufi P na B zilikuwa zinamtoroka kwenye kona ya mdomo. Alisema hatakwenda base mpaka uso umerudi. Jumanne ya kwanza hakikwenda kitunga hata kimoja. Nilikaa nikiviangalia vile vitunga nikajiuliza maswali mengi, na yote yalifika mahali pamoja: kama uso haurudi?

Munganga wa hospitali alimwambia anyanyue mikono yote miwili, akunje paji la uso, acheke, apige mluzi. Alisema si kiharusi, ile ya damu kichwani, ni mshipa wa fahamu wa uso uliovimba. Akampa pomada ya jicho, akamwonyesha kulifunika wakati wa kulala lisikauke. Wengi hupona, alisema, kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Pengine. Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani kama mzigo wenye kona.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa Mama, ambaye kwetu sisi Waluba ana sauti nyumbani kuliko mtu yeyote, alikuja jioni kwa baiskeli. Alimwangalia Mama kwa muda, akasema kuna mtu amempiga kofi katika usingizi. Kijijini kuna mzee anayejua kuchanja: anakata chale ndogo kwenye shavu na kusugua dawa ndani. Mama hakukataa, hakukubali. Alisema tu, "Tutaona."

Habari ya sindano aliileta mteja wake mmoja, mke wa koplo, aliyekuja kuuliza kwa nini base haina samaki. Alituambia juu ya mtu mmoja mwenye cheo cha ajida, munganga wa jeshi, mtu wa Équateur, aliyepelekwa Uchina kusoma miaka miwili akarudi na sindano nyembamba kama unywele. Jumanne anawatibu askari, Ijumaa anafungulia raia. Shingo ya mume wake ilikuwa haigeuki, sasa inageuka.

"Inageuka sana," alisema. "Inaangalia kila mwanamuke anayepita. Ningejua, ningeiacha."

Mama alicheka, akashika shavu haraka.

Mimi sikuweza kumpeleka Mama mahali ambapo sijapaona. Ijumaa ile nilipanda lori peke yangu. Nyuma ya dispensari ya base kulikuwa na baraza yenye viti virefu viwili, na mlango wenye pazia. Watu walikuwa wamekaa, kila mmoja na mfuko wake, na ndani ya mifuko niliona seringe mpya, yaani bomba za sindano, pamba, na chupa za alkoli. Nilielewa mara moja. Miaka ile, ukienda hospitalini unakuja na seringe yako, la sivyo hudungwi. Wote walikuwa wamejiandaa kama watu wenye akili.

Ajida alitoka. Alikuwa mfupi, mwenye kipara, na koti jeupe juu ya suruali ya jeshi. Mama mzee wa kwanza alimnyoshea seringe kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Hapana, mama. Hii hatutumikishe."

"Ni mupya. Hata haiyafunguliwa."

"Naona ni mupya. Lakini sindano yangu haina tundu. Dawa haipiti."

"Dawa haipiti?"

"Hakuna dawa, mama."

Mzee aligeuka akatuangalia sisi wote, kisha akarudisha macho kwa ajida. "Sasa unadunga bantu juu ya nini?"

Watu walicheka. Ajida pia alicheka, lakini uso wake ulionyesha kwamba swali hilo alilijibu asubuhi yote na Ijumaa zote za nyuma. Alianza kueleza kwa Kiswahili chake cha mto, nusu Kilingala, nusu Kifaransa. Mzee alitikisa kichwa. Bila kufikiri, nikamweleza yule mzee kwa Kiluba: kwamba sindano inaamsha mshipa, mwili wenyewe unafanya kazi, kama mtu anayeguswa begani ageuke. Sikuwa na hakika kama ni kweli. Mzee alisema, "Aa," akaingia.

Ajida alinishika mkono kabla sijarudi kukaa. "Citoyenne, ulisomaka?"

"Pédagogie. Nilikuja juu ya mama yangu, uso wake umepinda."

"Bon. Niandikie karatasi. Ile muntu mupya anapashwa kujua. Kiswahili ya kila muntu, isiyo ya mupadri. Utawasomea hapa inje. Minyi nitamupokea mama yako wa kwanza, ukimuleta."

Alinieleza kila kitu akiwa anafanya kazi, nami nikaandika magotini. Nilirudi nyumbani na furaha ya ajabu, kama mtu aliyepata kazi, na usiku haujaingia nilikuwa nimejaza kurasa nne. Niliandika kwamba sindano huchemshwa katika sufuria ya mvuke na mgonjwa ana haki ya kuona. Niliandika kwamba baada ya kudungwa mtu hukaa karibu nusu saa bila kujigeuza, kwa hiyo aende haja kwanza. Kwamba mara moja haitoshi. Ni mara nyingi, na siku za katikati mtu asiseme imeshindwa. Kwamba damu kidogo au alama ya bluu si ajabu. Kwamba mwenye mimba aseme, mwenye damu isiyokauka aseme, mwenye dawa za hospitali asiziache. Niliandika pia juu ya mtu anayeogopa chuma, mtu anayeota ndoto, mtu ambaye mume wake hajui kwamba amekuja. Kila nikifunga kalamu nilimwona mgonjwa mwingine ambaye sijamfikiria.

Wiki iliyofuata nilikwenda Jumanne kumwonyesha. Alisoma ukurasa wa kwanza amesimama, wa pili amekaa.

"Unaandika kama muntu anayefukuzwa," alisema. Akachukua kalamu nyekundu akaanza kukata. Mtu wa ndoto alikwenda. Mume asiyejua alikwenda. Nilitetea mmoja mmoja, naye akakata mmoja mmoja, mpaka ukabaki ukurasa mmoja. Kisha akaandika mwenyewe mistari miwili juu kabisa na kuipigia mstari chini. Wa kwanza: *Kula kwanza. Muntu asikuje na njaa.* Wa pili: *Kama unasikia kintu, sema. Kama hausikie, sema vilevile.*

"Hizi mbili njo za kwanza," alisema. "Zingine ni za kusaidia. Muntu mwenye njaa, ukimudunga, anaweza kuanguka. Na muntu anayenyamaza, sijui nifike wapi. Nikidunga fasi ya kweli, anasikia uzito, ganzi, kama maji inatembea. Hapo nasimama. Asiposema, naendelea kutafuta."

Nilikubali. Nilinakili karatasi kwa mwandiko mzuri wa ubaoni.

Hiyo ilikuwa Kwaresima, na hapa ndipo nilipokosea.

Mama alifunga kila Ijumaa ya Kwaresima. Wengine katika parokia waliacha nyama tu. Yeye hakutia kitu mdomoni, wala maji, mpaka njia ya msalaba ya saa kumi imekwisha. Alifanya hivyo tangu Baba alipokufa. Mwaka ule aliweka nia juu ya uso wake, na aliniambia hivyo, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Na raia walitibiwa Ijumaa.

Mama hakusoma shule. Alijua namba za nyimbo za kanisa na majina ya watoto wake, basi. Alhamisi mchana nilimsomea karatasi, yeye akipepeta mchele. Nilianza na mstari wa pili. Wa kula niliuruka.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichofikiri katika ule muda mfupi, na ninakumbuka vitu vingi mno kuweza kuingia ndani yake. Nilifikiri: nikiusoma, atasema basi tungoje Pasaka. Pasaka iko mbali. Ajida alisema mshipa wa uso unatibiwa mapema. Mjomba ataleta mzee wake na wembe wake. Nilifikiri pia kwamba ajida mwenyewe huwa anauliza kila mtu, "Umekula?" Mama hasemi uwongo siku ya Ijumaa. Atajibu hapana, ajida atamrudisha au atampa chai, na kosa halitakuwa la mtu. Nilijipangia njia hiyo kama mtu anayeacha mlango nusu wazi ili mwingine aufunge.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni yote?"

"Ni yote."

"Juu ya kusema kama nasikia," alisema, "hiyo ni ya batoto."

Ijumaa hiyo baraza ilijaa. Habari ya shingo ya koplo ilikuwa imefika mbali. Nilisoma karatasi kwa sauti kwa watu wote, nikiwa nimempeleka Mama kwanza akae kwenye kivuli nyuma ya jengo, karibu na tangi la maji, eti apumzike. Niliusoma mstari wa kula kwa sauti ndogo hata hivyo. Ajida alipotoa kichwa kwenye pazia alikuwa anatoka jasho.

"Mama ya mwandishi wetu! Ingia, mama. Karatasi ulisomewa?"

"Nilisomewa," Mama alisema.

"Bon. Basi tusipoteze saa."

Hakuuliza. Kwa nini aulize? Aliamini karatasi, na karatasi ilikuwa mimi. Ningeweza kusema pale, na mdomo wangu ulifunguka kweli. Lakini ajida alikuwa tayari anamketisha kwenye kiti, ukutani nyuma yake picha ya mtu aliye uchi mwenye vidoti mwili mzima, na Mama alikuwa anauangalia ule mwili kwa dharau ya mwanamke anayeona nguo iliyoshonwa vibaya.

"Huyu alifanya nini, munamutoboa hivi?"

"Huyu ni wa kufundishia, mama."

"Maskini."

Sindano ya kwanza iliingia mkononi, kati ya kidole gumba na cha pili. Ya pili karibu na kona ya mdomo, ya tatu mbele ya sikio, nyingine juu ya nyusi. Zilikuwa nyembamba kiasi kwamba zilionekana tu mwanga ulipozigusa. Ajida alizungusha ile ya mkono kwa vidole viwili.

"Unasikia kintu?"

"Hapana."

Akazungusha tena, akaisogeza ndani kidogo. "Na sasa? Uzito? Ganzi?"

"Hapana, docteur. Tumika tu."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na pazia na niliona kidole kidogo cha mguu wa Mama kinakunjamana ndani ya sapatu. Alisikia. Alisikia sana. Tumboni Mama ana chale za mapambo, mistari ya wasichana wa zamani, alizokatwa akiwa mdogo, na alinisimulia mara nyingi kwamba wenzake wawili walilia na yeye hakulia, na bibi yake akamsifu mbele ya watu. Sasa alikuwa mbele ya mtu aliyesoma Uchina. Angeliaje?

"Mama, sema kweli."

"Niko nasema."

Jasho lilitokeza juu ya mdomo wake, upande mzuri. Nilimwambia ajida, "Ajida," na yeye akasema, "Ngoja kidogo," kwa sababu alikuwa anatafuta. Nikasema tena. Alipogeuka kunijibu, Mama alikuwa amekuwa rangi ya majivu, na kichwa chake kilikwenda polepole kuelekea bega kama mtu anayesinzia kanisani.

Ajida alikuwa mwepesi. Alizitoa sindano zote kwa mkono mmoja, akamshika kwa mwingine, tukamlaza chini kwenye mkeka, akaweka miguu yake juu ya kiti. Alimwita kwa "mama, mama," akamsugua mikono. Haikuchukua muda mrefu, najua sasa. Pale nilipopiga magoti niliona maziko yote, kanisa lote, mjomba ananiangalia juu ya jeneza.

Mama alifungua jicho moja. La pili lilikuwa halijafunga. Mtu alileta chai yenye sukari nyingi. Ajida alimweka kikombe mdomoni. Mama aligeuza uso.

"Leo ni Ijumaa," alisema.

Ajida alibaki na kikombe hewani. "Mama, haukula?"

"Tangu jana."

"Na karatasi?"

Mama hakujua anaulizwa nini. Ajida aliniangalia. Alimnywesha chai kwa amri ya kijeshi, "Kunywa, ni ordre," naye Mama, aliyeishi miaka mingi karibu na askari, alikunywa. Machozi yalimtoka kwenye jicho lisilofunga, lakini jicho hilo lilitoa machozi kila wakati, na sikuweza kujua.

Tulipokuwa tunangoja lori ajida alinijia peke yangu. "Njaa na sindano, hiyo inapita," alisema. "Atalala, atakula, itakwisha. Lakini nikifikiri muntu anajua, kumbe hajui, siku moja nitaumiza mwingine. Utamwambia weye ao nimwambie minyi?"

"Mimi."

"Lini?"

Nikamshika Mama mkono, tukapanda lori.

Habari ilifika kwa mjomba kabla yetu, sijui kwa miguu gani. Jumamosi asubuhi alikuwa kwenye kiti cha Baba. Alisema sindano za askari ni za askari. Alisema hata mbuzi humchinji akiwa amekaa kwenye kiti. Jumatatu atamchukua Mama kijijini kwa yule mzee, na habari ya Wachina iishe.

"Nilianguka mbele ya bantu," Mama alisema. Hilo ndilo lililomuuma. "Sikuangukaka hata siku moja. Mwili yangu inakataa ile sindano. Twende tu."

Nilikuwa nikichochea moto nje, na mlango ulikuwa wazi. Nilijua sasa kitakachotokea: ataacha sindano kwa sababu ya uwongo wangu, na atakwenda kukatwa usoni kwa wembe ambao umepita kwenye mashavu ya watu wangapi, nyakati zile ambapo tulianza kuogopa wembe wa pamoja na kunong'ona juu ya ugonjwa usio na dawa. Nilijiambia nitasema baada ya chakula. Kisha nikajiambia nitasema kesho baada ya misa, ambapo watu huwa na moyo mwema. Kesho yake baada ya misa nilijiambia jioni. Mjomba alikuwa ameshaanza kufunga mfuko wa Mama nyuma ya baiskeli yake kwa mpira, ili Jumatatu waondoke mapema, na ule mpira aliuvuta mara ya pili kuukaza, na sauti yake ndiyo iliyonitoa nyumbani.

"Mama, kwenye karatasi kulikuwa mstari mwingine."

Waligeuka wote wawili.

"Mstari unasema mtu ale kwanza. Asije na njaa. Niliuruka."

"Uliuruka namuna gani?" mjomba aliuliza. "Kama muntu anaruka mutaro?"

"Nilijua Mama anafunga. Niliogopa atakataa kwenda."

Mama alikaa kwenye ngazi. Kuku alipita na vifaranga vyake vyote, akarudi.

"Kwa hiyo haikuwa mwili yangu," alisema.

"Hapana, Mama. Ilikuwa njaa."

"Na ile chai, nilivunja Ijumaa juu yako."

"Ndiyo."

"Mademoiselle wa karatasi!" Sauti ilipanda. "Minyi nilikulipia masomo usome, weye unanisomea nusu? Unajua kuchagua kile mama yako anapashwa kusikia? Minyi ni mutoto wako?" Aliendelea hivyo kwa muda, na majirani walisikia, na P zote zilimtoka vibaya, na hakuzijali kwa mara ya kwanza tangu siku ya kusukutua. Mjomba alianza kucheka, akajaribu kuficha kwa kukohoa.

"Leta ile karatasi," Mama alisema.

Nikaileta. Nilimsomea kuanzia juu, kila neno, pamoja na sababu alizonieleza ajida. Mstari wa kula alinisomesha mara mbili. Kwenye mstari wa kusema alininyamazisha kwa mkono.

"Alisema muntu asiposema, yeye anaendelea kutafuta?"

"Ndiyo, Mama. Ukinyamaza, anafikiri hajafika."

"Kumbe." Alishika ile sehemu kati ya kidole gumba na cha pili. "Alifika mara ya kwanza. Nilikuwa nasikia mpaka ku kiwiko. Niliona ananitesa bure, nikasema mu roho, huyu muntu wa Équateur ni mubaya sana."

Mjomba hakuficha tena kicheko.

Mama mwenyewe, bila kunishauri, alikwenda kwa padri jioni ile. Padri alimwambia mgonjwa hafungwi na sheria ya kufunga. Ilichukua muda mfupi kuliko kuvuka barabara. Katika kufikiri kwangu kote sikufikiria kumuuliza padri. Mama hakuridhika na ruhusa. Aliihamisha nia yake Jumatano, Jumatano za Kwaresima zote zilizobaki, na moja ya nyongeza kwa ajili ya ile chai. Kwa mjomba alisema, "Mzee wako angoje Pasaka. Kama sindano inashindwa, nitakuja." Mjomba alifungua mpira wa baiskeli, akaondoka bila kukasirika, au akikasirika kidogo tu, kama mkubwa anavyopaswa.

Ijumaa iliyofuata Mama alikula bukari, ugali wetu, na samaki alfajiri, akala tena kabla ya lori, na alibeba ndizi njiani. Ajida alimuuliza mwenyewe, macho kwa macho, akinipita mimi kama mlango. Sikumlaumu. Alizungusha sindano ya kwanza.

"Hapo!" Mama alisema kwa sauti ambayo baraza yote iliisikia. "Inalemea! Inapanda! Imefika ku kiwiko! Sasa inarudi!"

"Mama, malembe, malembe, polepole. Nimesikia."

"Ulisema niseme."

"Nilisema useme, sikusema uite treni."

Kwenye shavu hakusikia kitu, akasema hivyo, na ajida akasogea upana wa unywele, na akasikia. Nusu saa yote Mama alimweleza kila sindano inavyofanya, moja inauma kama mwiba, moja imelala tu, na ajida aliandika baadhi ya maneno yake kwenye daftari. Hakuanguka.

Alikwenda Ijumaa nyingi. Baada ya Ijumaa ya tatu nilianza kumwangalia sana, mpaka akanikataza. Nilimwomba akunje paji la uso asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Nilimwomba aseme "Papa Petro" nikasikiliza. Baada ya Ijumaa ya tano, Jumapili mchana, alikuwa amelala kwenye mkeka bila kitambaa juu ya jicho, na nilipoinama niliona kope ya kulia imeshuka, haijafika chini, lakini imeshuka. Nilikaa pale muda mrefu nikihofia kwamba nikipumua itapanda.

"Ondoka," alisema bila kufungua macho. "Unanipumulia."

Nilimuuliza ajida kama ni sindano. Aliosha mikono kwanza. "Mushipa ile inaweza kujiponesha yenyewe," alisema. "Munganga wa hospitali alikuambia kweli. Minyi naamini nilisaidia. Kuapa, siapi. Na hiyo uandike ku karatasi yako, mwisho." Niliandika. Watu wengi hawakuupenda mstari huo, walitaka mganga anayeapa, lakini niliusoma kila Ijumaa, pamoja na yote mengine, na kabla ya kuanza nilipita kwenye viti nikimuuliza mtu mmoja mmoja amekula nini. Wengi waliona haya kujibu, kwa sababu miaka ile kula asubuhi lilikuwa jambo la mtu mwenye bahati. Ajida akaanza kuweka sufuria ya uji kwenye kona.

Baada ya Pasaka Mama alifungua vitunga. Uso haukuwa umerudi wote. Nilimwomba angoje wiki mbili zaidi, moja basi. Niliona jinsi watakavyomwangalia, nani atasema nini, jinsi atakavyoshika shavu na kurudi nyumbani asitoke tena. Alinipa kitunga nibebe. Chini ya ukuta wa kambi alipanga samaki kama zamani, wakubwa mbele, na mke wa koplo ndiye aliyefika wa kwanza, akiwa na wenzake nyuma yake.

Alimwangalia vizuri, mikono kiunoni. Nilishika ukingo wa kitunga.

"Ee, mama ya samaki! Mudomo yako inaangalia fasi gani hivi?"

"Inaangalia Kinkondja," Mama alisema. "Inatafuta samaki mukubwa kupita bwana yako."

Walipiga kelele, wakapigana viganja, na Mama akacheka pamoja nao. Kushoto kicheko kilifika mara moja. Kulia kilichelewa kidogo, nikakingoja, nikakiona kinakuja.